Nani alitia dawa katika avokado za shemeji?

Juma lililopita niliahidi kulijibu swali la wanafunzi wawili wa chuo hapa jijini ambao walitaka kujua iwapo tunda likioshwa vyema kwa maji ya chumvi huwa limeondokewa na dawa zote za shambani. Nilikuwa nimekwisha andika nusu ya jibu, tena jibu fupi na kavu, nilipokumbuka kisa kilichoikumba familia yetu mwaka jana. Nikairarua ile karatasi. Kisa chenyewe kitawajibu wanafunzi hao kuniliko, na huenda kikamfaa pia baba au mama anayenunua matunda kibandani kila jioni akitoka kazini.

Shemeji yangu, kakake mke wangu, ana shamba la maparachichi huko Kandara, katika kaunti ya Murang'a. (Vitabu vyasema maparachichi, lakini tangu nizaliwe sijamsikia mama mboga akiyaita hivyo, kwa hiyo leo tutasema avokado.) Miti yake ni ya aina ya Hass, ile yenye tunda la ngozi ya kukwaruza ambalo hugeuka jeusi likiiva, na karo ya watoto wake watatu hutoka katika miti hiyo. Nyumba imo upande wa chini wa shamba, karibu na lango, na upande wa juu amepakana na mzee mmoja mstaafu anayelima mahindi.

Basi ikawa siku moja jioni simu ikalia. Shemeji alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima.

"Shemeji, nimemalizwa. Wamekataa mzigo wangu."

Wakala wa mnunuzi alikuwa amekuja shambani, akachukua matunda machache na kuyapeleka yakapimwe. Karatasi ilirudi na jina moja gumu, glaifoseti, na kando yake tarakimu 0.04. Glaifoseti ni dawa ya kuua magugu ambayo imekuwa madukani tangu mwaka wa 1974, na leo hutumika duniani kote. Mnunuzi alikuwa ameahidiana na maduka ya Ulaya kwamba dawa hiyo isionekane katika tunda hata kidogo. Maduka mengi ya huko hudai viwango vikali kuliko vile vya sheria yenyewe.

Kilichomkasirisha shemeji si ile tarakimu. "Mimi hunyunyizia magugu chini, shemeji! Sijawahi kuelekeza dawa ile juu ya mti hata siku moja. Huyu ni mzee wa juu. Alinyunyizia shamba lake kabla ya kupanda mahindi na upepo ukaileta kwangu."

Kufikia Jumapili wawili hao walikuwa hawasalimiani kanisani. Kufikia Jumapili iliyofuata shemeji alikuwa anauliza bei ya wakili.

Hapa ndipo nilipomtafuta mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni mpimaji katika maabara moja. Nilimweleza kisa chote, nikidhani angesema ni nani mwenye makosa. Alichoniuliza ni kimoja tu: "Mjomba, yule wakala alichuma matunda hayo kutoka miti gani?"

Sikujua. Shemeji naye, alipoulizwa, alifikiri kidogo akasema ni ile miti iliyo karibu na lango, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na wakala alikuwa na viatu vizuri.

Mpwa wangu akacheka, ingawa hakuwa amefurahi. Kulingana naye, makosa mengi ya upimaji hayafanyiki katika mashine, bali hufanyika shambani kabla ya chochote kufika maabara. Mashine hupima kile ilicholetewa. Ukiiletea matunda ya pembe moja ya shamba, itakupa jibu la pembe hiyo, nawe utalichukua kuwa jibu la shamba zima. Kanuni za kimataifa ziitwazo Codex zaeleza kwamba kwa tunda la wastani, lenye uzani wa kati ya gramu 25 na 250, sampuli isipungue kilo moja wala matunda kumi. Likizidi gramu 250, basi kilo mbili na matunda matano. Matunda hayo hutolewa sehemu mbalimbali za mzigo, si mti ulio karibu na gari.

Jumamosi moja tukaenda Kandara sote watatu, mimi kazi yangu ikiwa ni kubeba. Mpwa wangu aliligawa shamba mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa ni safu za miti zinazopakana na yule mzee. La pili lilikuwa katikati. La tatu lilikuwa zile safu za karibu na lango, penye stoo na mfereji wa maji. Katika kila fungu alichuma kutoka miti mingi, juu na chini ya mti, upande wa jua na upande wa kivuli. Hakugusa tunda lililoanguka, kwa sababu tunda lililolala juu ya udongo ulionyunyiziwa hujipaka dawa lenyewe na kuharibu ushahidi. Alivaa glavu mpya kila alipohamia fungu jingine.

Kisha udongo. Nilidhani ni kuchota tu koleo moja na kwenda zetu. La hasha! Alitembea kwa mzingo, kushoto na kulia, akitoboa kwa bomba la chuma hadi sentimita 15 chini, mahali ishirini katika kila fungu. Udongo wa vishimo hivyo aliuchanganya katika ndoo safi, akautandaza, akaugawa robo nne, akatupa robo mbili, akachanganya tena, mpaka akabaki na kiasi cha kujaza mfuko mmoja. Kila mfuko ukaandikwa namba, siku na saa, halafu vyote vikaingia katika sanduku lenye barafu. Dawa nyingi huendelea kuliwa na vijidudu vya udongo hata baada ya udongo kuchotwa, na mfuko ukikaa siku mbili ndani ya matatu yenye joto, utakachopima ni kile ambacho vijidudu vilikuachia.

Tulipokuwa tukiondoka akageuka na kumwuliza shemeji, kwa upole kabisa, "Mjomba, unazo pampu ngapi za mgongoni?"

"Moja."

Akaomba kuiona. Akatia maji kidogo ndani, akatikisa, akayamimina katika chupa, akaiandika namba. Shemeji alimtazama kama anayemtazama mtoto akicheza.

Sasa nikueleze, msomaji, tarakimu kama hizi ni za ukubwa gani, maana wengi wetu tukiona sifuri na nukta twadhani ni kitu tunachoweza kukiona. Katika sheria za Umoja wa Ulaya, pale ambapo dawa haikuwekewa kiwango chake maalum kwa tunda fulani, kiwango cha kawaida ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya tunda. Chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari, yaani kama gramu tano. Ikoroge sukari hiyo sawasawa katika malori hamsini ya avokado, kila lori likiwa na tani kumi. Kilo moja utakayoichukua kutoka lori lolote itakuwa na kiasi hicho cha sukari. Tarakimu ya shemeji, 0.04, ingehitaji vijiko vinne. Ndicho kinachotafutwa, na ajabu ni kwamba hupatikana.

Tunda likifika maabara hutolewa kokwa, kisha nyama na ngozi hugandishwa na kusagwa pamoja kwa barafu kavu mpaka liwe unga. Naam, na ngozi yake! Nilibishana na mpwa wangu kuhusu jambo hilo kwa muda mrefu: nani alaye ngozi ya avokado? Lakini ndivyo kanuni zilivyo, kwa avokado, maembe na hata ndizi. Kiwango cha sheria huwekwa kwa tunda lilivyo sokoni, na hesabu hufanywa kwa uzani wa tunda zima, kokwa likiwemo.

Kutoka hapo dawa nyingi huwa hazisumbui. Tangu mwaka wa 2003 maabara za dunia zina njia nyepesi iliyobuniwa na wanakemia Anastassiades na Lehotay na wenzao: unga wa tunda hutikiswa pamoja na kemikali iitwayo asetonitraili, huongezwa chumvi, maji hujitenga na kubaki chini, na dawa hupanda juu. Mamia ya dawa huweza kunaswa kwa mtikiso mmoja. Glaifoseti haimo. Hiyo hupenda maji kuliko kitu chochote, kwa hiyo kila kitu kinapopanda yenyewe hubaki chini ndani ya maji, na maabara isiyojua hilo ingeweza kukuandikia kwa moyo mweupe kwamba tunda lako ni safi. Lazima itafutwe peke yake. Tena haina rangi wala haing'ai chini ya taa ya mashine za kawaida, ni kama mwizi aliyevaa nguo za usiku. Njia moja ya zamani ni kuiambatisha na kemikali nyingine inayong'aa, mfano wa kumfunga mwizi kengele, ndipo ipitishwe katika mashine ya kromatografia ambayo hutenganisha kila kitu na chake. Siku hizi nyuma yake huwekwa mashine nyingine inayoipima molekuli uzani wake, ikaivunja na kupima vipande pia. Jina laweza kufanana, uzani waweza kufanana, lakini vipande navyo vikifanana ni vigumu kukosea.

Na mpimaji mwenyewe nani humpima? Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Huchukuliwa avokado ambayo haina dawa kabisa, ikatiwa kiasi kinachojulikana, kisha hupitishwa njia ileile kama tunda jingine lolote. Ikiwa mia ziliingia, zinazoonekana mwishoni zisipungue 70 wala kuzidi 120. Zikipungua, kazi yote ya siku hiyo hurudiwa. Hata baada ya hayo, wakaguzi wa Ulaya huhesabu kwamba jibu laweza kuyumba kwa nusu yake, juu au chini. Kwa hiyo ile 0.04 maana yake halisi ni mahali fulani kati ya 0.02 na 0.06. Na karatasi ikiandikwa kwamba dawa haikupatikana, haina maana kwamba hakuna. Ni kusema tu kuwa, kama ipo, basi ni kidogo kuliko kile ambacho mashine hiyo yaweza kukiona.

Udongo una vituko vyake. Udongo mwekundu wa Murang'a una chuma na aluminiamu nyingi, na glaifoseti huzishika hizo kama kupe. Huwezi kuitoa kwa maji matupu, lazima maji yatiwe dawa kali ya jamii ya magadi. Kuna dawa nyingine ya magugu, parakwati, ambayo hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi kiasi kwamba wapimaji huuchemsha udongo huo ndani ya asidi kali ya salfa ndipo iachie. Kisha glaifoseti ikiliwa na vijidudu huacha mtoto wake aitwaye AMPA, ambaye hudumu ardhini kuliko mzazi. Anayepima udongo bila kumtafuta AMPA amesoma nusu ya barua.

Nisije nikaonekana kama nayasifu mambo mapya. Zaidi ya miaka sitini iliyopita, tarehe 9 Novemba 1959, waziri wa afya wa Marekani, Arthur Flemming, alitangaza kwamba baadhi ya matunda madogo mekundu yaitwayo kranberi yamepatikana na dawa ya magugu, aminotriazoli, ambayo ilikuwa imewapa panya uvimbe wa tezi ya shingo. Sikukuu yao ya Shukrani, ambapo kila meza huwa na mchuzi wa kranberi, ilikuwa imebaki majuma mawili na ushee. Watu waliyakimbia matunda hayo kama ukoma. Wagombea urais nao wakaingilia: Nixon alikula sahani nne mbele ya watu, Kennedy akanywa gilasi mbili za maji yake. Dawa hiyo ilikuwa imeruhusiwa itumike baada ya mavuno tu, ila baadhi ya wakulima waliitumia kabla. Wakulima wengi hawakuwa na kosa lolote, lakini nani angewajua bila kupima? Ilibidi wanakemia wa serikali wapime mzigo baada ya mzigo, na uliopatikana safi ukapewa cheti. Nasi tuna letu: kuanzia Januari 2013 Ulaya iliamua kupima mzigo mmoja katika kila kumi ya mishiri na njegere zetu kwa sababu ya dawa ya wadudu, dimethoeti, na wakulima wadogo wengi walioiona biashara hiyo ikidorora mpaka leo huikumbuka.

Turudi Kandara. Majibu yalikuja baada ya majuma mawili, na gharama yake haikuwa haba. Mke wangu aliniuliza kama tumenunua mashine au tumepima avokado.

Udongo ulikuwa na glaifoseti na AMPA katika mafungu yote matatu. Hilo halikumshtaki mtu, kwani shemeji mwenyewe hunyunyizia magugu kote. Lakini matunda! Yale ya mpakani kwa mzee, ambako upepo ungeanzia, hayakupatikana na kitu. Ya katikati yalikuwa na dalili ndogo mno. Ya langoni, penye stoo, ndiyo yaliyokuwa na dawa, karibu sawa na ile karatasi ya kwanza. Na ile chupa ya maji ya pampu ilikuwa nayo tele.

Shemeji alinyamaza kwa muda. Mpwa wangu akamwuliza, "Mjomba, dawa ya ukungu ya majani ulinyunyizia kwa pampu ipi?"

"Hiyohiyo."

"Na ulianzia wapi?"

"Hapa stooni, kwenye maji." Halafu akajitetea, "Lakini huwa naisuuza!"

"Mara ngapi?"

Mara moja. Na mpira wake, na ile pua ya kutolea dawa, hakuwahi kuvifungua. Majuma machache kabla ya kuchuma alikuwa amejaza pampu dawa ya ukungu juu ya mabaki ya dawa ya magugu, akaanza kunyunyizia miti ya kwanza, na kufikia katikati ya shamba pampu ilikuwa imejisuuza yenyewe juu ya matunda yake. Mpwa wangu alituonyesha hata matawi mawili matatu ya langoni yenye majani membamba yaliyobanana, alama ambayo glaifoseti huacha ikiugusa mti kidogo bila kuuua. Majani hayo tuliyapita siku ile ya kwanza bila kuyaona.

Fungu la mpakani lilichumwa kando, likapimwa tena na mnunuzi, likaenda. Lile la katikati linangoja msimu mwingine. Nikamwuliza shemeji, je, zile za langoni? Akatazama viatu vyake. Lori lilikuwa limezichukua siku tatu baada ya kukataliwa, likielekea Nairobi.

Yaani kwetu, msomaji. Kwako na kwangu.

Nilipandwa na hasira, kisha nikachukua kalamu nikapiga hesabu, kwa maana hasira bila hesabu si haki. Wataalamu wa mashirika ya FAO na WHO wanasema mtu aweza kula glaifoseti hadi miligramu moja kwa kila kilo ya uzito wake kila siku bila kudhurika. Mtoto wa kilo 20, miligramu 20. Hata tuchukue ile tarakimu ya juu, 0.06, mtoto huyo angehitaji kula zaidi ya kilo 300 za avokado za shemeji kwa siku moja. Ni kweli wataalamu hawajakubaliana: mwaka wa 2015 idara ya WHO inayochunguza saratani iliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, ilhali wataalamu wa mabaki ya chakula walisema mwaka wa 2016 kwamba haielekei kuwa hatari kwa njia ya chakula. Ulaya iliiongezea kibali mwaka wa 2023 hadi mwisho wa 2033. Mimi sikuzitupa avokado zilizokuwa jikoni, na watoto walikula. Kinachoniuma ni kingine. Tunda la kwenda ng'ambo lina mtu anayelidai karatasi. Langu la kibandani halina. Kama pampu ile ingekuwa na dawa kali zaidi, ni Nairobi ambako ingegunduliwa mwisho, au isigunduliwe kabisa.

Nanyi wanafunzi wangu wawili, jibu lenu ni hili: osheni matunda, kwa maji mengi yanayotiririka, na kusugua kwafaa kuliko chumvi. Mtaondoa vumbi, vijidudu na sehemu ya dawa iliyo juu ya ngozi. Lakini glaifoseti ni dawa ya kusafiri ndani ya mmea. Ikishaingia katika jani hushuka na utomvu hadi mizizini na hadi kwenye matunda, na hakuna sabuni inayoifuata huko.

Shemeji sasa ana pampu mbili, moja ameipaka rangi nyekundu na nyingine ya buluu, na ile nyekundu hulala chumba tofauti kama mgonjwa wa surua. Mwezi uliopita alijaza kikapu cha avokado kutoka safu za mpakani, akavaa koti lake la kanisani, akapanda kwa yule mzee. Mzee alimkaribisha chai. Walizungumza kuhusu mvua na bei ya mbolea, na neno la upepo halikutajwa. Shemeji alipoinuka kuondoka, mzee alichukua tunda moja kikapuni, akaligeuzageuza mkononi, akauliza:

"Na hizi zimepimwa?"

"Zimepimwa, mzee."

"Haya, basi. Lete kisu."